Nyumba ya yuro moja, na nani wa kuishi humo?

Katika miji midogo ya kusini mwa Italia, habari za msiba hubandikwa ukutani. Ni karatasi yenye ukingo mweusi: msalaba juu, jina la marehemu kwa herufi kubwa, umri, majina ya wafiwa na saa ya misa. Wazee wanaoelekea kunywa kahawa husimama, huvaa miwani, husoma, kisha huendelea na safari yao.

Karatasi hizo haziishi. Mwaka 2024 Italia ilizika watu wapatao 650,000, na watoto waliozaliwa walikuwa takriban 370,000 tu. Mwaka 1964 walizaliwa zaidi ya milioni moja. Leo karibu robo ya watu wake milioni 59 wametimiza miaka 65 au zaidi. Wenyeji wa Malindi, waliokwisha kuwazoea wastaafu wa Kiitaliano, pengine hawatashangaa.

Vijiji vya milimani ndivyo vilivyoumia zaidi, kwani vijana walianza kuvikimbia zamani, wengine hadi Argentina na Marekani, wengine hadi viwanda vya Torino na Milano. Nyumba zikabaki zimefungwa kufuli, mapaa yakaporomoka. Ndipo halmashauri zikabuni mbinu ya kuziuza kwa yuro moja. Mwaka 2019 mji wa Sambuca, Sicilia, ulipotangaza nyumba 16, maombi yalimiminika kutoka kila pembe ya dunia. Mwigizaji wa Marekani Lorraine Bracco alinunua moja, na ukarabati wake ukageuzwa kipindi cha televisheni. Yuro moja, hata hivyo, ni chambo. Mnunuzi huweka dhamana ya yuro 5,000 na hupewa miaka mitatu kukarabati, na fundi wa Sicilia halipwi kwa sarafu moja.

Lakini mnunuzi anayekuja kwa likizo tu hajazi shule.

Riace, kijiji cha mkoa wa Calabria, kilijaribu njia nyingine. Mwaka 1998 mashua iliyojaa Wakurdi ilitia nanga ufukweni mwake. Mwalimu mmoja, Domenico Lucano, akawaza: watu hawa hawana makazi, na huku juu kuna nyumba zisizo na watu. Alipokuwa meya, wakimbizi walikaa katika nyumba za waliohama, karakana za kufuma zikafunguliwa, na takataka zikawa zinazolewa kwa punda vichochoroni. Sifa zilivuka mipaka, kisha mambo yakamgeukia. Alikamatwa mwaka 2018, na mwaka 2021 akahukumiwa zaidi ya miaka 13 jela kwa makosa yaliyohusu usimamizi wa mradi huo. Rufaa iliishusha adhabu hadi miezi 18, bila kuingia gerezani. Juni 2024 wananchi walimchagua tena kuwa meya na, siku hizo hizo, mbunge wa Ulaya.

Kisa hicho kinaianika Italia ilivyo. Inawahitaji wageni, na haijaamua kama inawataka. Mzee asiyejiweza mara nyingi hulelewa na mwanamke kutoka Ukraina, Romania au Ufilipino anayelala humo humo nyumbani. Waitaliano humwita badante, na bila yeye familia nyingi zingekwama. Katika bonde la mto Po, ng'ombe ambao maziwa yao hugeuzwa jibini maarufu, wengi hukamuliwa na Masingasinga kutoka India.

Watoto wa wageni nao husubiri. Kwa sheria ya mwaka 1992, aliyezaliwa Italia na wazazi wa kigeni kwa kawaida huomba uraia akifika miaka 18. Paola Egonu, aliyezaliwa Cittadella na wazazi Wanijeria, aliiongoza Italia kutwaa dhahabu ya voliboli ya wanawake katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Mara baada ya ushindi huo msanii alimchora ukutani jijini Roma, na haikupita muda mtu akaipaka ngozi yake rangi ya waridi.

Juni 2025 iliitishwa kura ya maoni ya kupunguza miaka ambayo mgeni mtu mzima hukaa nchini kabla ya kuomba uraia, kutoka 10 hadi mitano. Ili matokeo yakubalike, zaidi ya nusu ya wapiga kura walipaswa kujitokeza. Walijitokeza kama asilimia 30.