Kinachozipa Uhai Neva za Misuli

Leo tutazungumzia neva zinazoendesha misuli, kinachozipa uhai, na polio, ugonjwa unaoziua.

Mnamo Machi 2018, maji taka yaliyochukuliwa Eastleigh, Kamukunji, yalipopimwa yalipatikana na virusi vya polio vya aina ya pili. Vilitokana na virusi dhaifu vya chanjo ya matone, ambavyo hubadilika na kupata nguvu vikizunguka kwa muda mrefu mahali penye watoto wengi wasiochanjwa. Mwaka 2024 virusi vya aina hiyo vilionekana tena katika maji taka ya Kamukunji.

Je, virusi hivi hufanya nini mwilini? Huingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula au mikono yenye uchafu wa choo. Wengi wanaoambukizwa hawaugui sana. Lakini kati ya watu 200 walioambukizwa, mmoja hivi hupooza, kwa kuwa virusi vimefika kwenye uti wa mgongo na kuua neva za misuli.

Kila neva hiyo ina kiini chake ndani ya uti wa mgongo, na kutoka hapo hutuma uzi mrefu hadi kwenye msuli. Neva huamuru, msuli hutii. Lakini msuli nao hulipa. Hutengeneza protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji, ambazo husafiri kupitia uzi ule hadi kwenye kiini na kukiambia, "Endelea kuishi." Mtoto akiwa bado tumboni, mwili huunda neva nyingi kuliko zinazohitajika. Zile zinazokosa vichocheo vya kutosha hufa. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kugundua vichocheo vya ukuaji.

Baada ya polio, neva zilizonusurika huotesha matawi mapya na kuifikia misuli iliyoachwa yatima. Ni kama stima ikipotea nyumba moja, na jirani akavuta waya kukusaidia. Ndiyo maana mtoto aliyepooza anaweza kurudishiwa nguvu kiasi, hasa katika miezi ya kwanza. Lakini jirani huyo sasa anabeba mzigo wa nyumba nyingi. Watu wengine waliougua polio utotoni huanza kudhoofika upya baada ya miaka mingi. Ukiona hivyo, muone daktari, na upumzike kati ya kazi moja na nyingine.

Pengine utauliza: kwa nini tusidungwe tu sindano ya vichocheo hivyo? Wataalamu walijaribu. Katika miaka ya 1990, wagonjwa zaidi ya 1,000 wa ugonjwa mwingine unaoua neva za misuli walipewa kichocheo kimoja kwa sindano chini ya ngozi. Hakikuwasaidia kama ilivyotarajiwa. Ni vigumu kwa dawa ya namna hiyo kufika ndani ya uti wa mgongo. Kwa hiyo, mtu akikuuzia dawa ya "kufufua neva" mtaani au kwenye stendi ya matatu, weka pesa zako mfukoni. Neva iliyokufa kwa polio haifufuki.

Basi mzazi afanye nini?

Kwanza, chanjo. Mtoto hupewa matone anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14. Katika wiki ya 14 hudungwa pia sindano ya polio. Katika vituo vya serikali, chanjo hizi hazilipiwi.

Pili, mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama unadhani ameanguka. Choo chake kinafaa kupimwa ndani ya siku 14 tangu alegee.

Tatu, mtoto aliyepooza asifichwe nyumbani. Mazoezi ya viungo, yakiongozwa na mtaalamu, huzuia viungo kukakamaa na kuisaidia misuli iliyobaki.

Nne, nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kumlisha mtoto.

Leo jioni, fungua kitabu cha kliniki cha mwanao. Ikiwa kuna chanjo aliyoikosa, mpeleke kesho.