Kituo cha chuo, mifuko miwili

Kituo cha ujasiriamali chuoni kikitegemea mfadhili wa mwaka hadi mwaka, fedha zikikatika kazi husimama. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilitafuta mifuko miwili. Wa kwanza ni mchango wa dola milioni 10 uliokianzisha kituo cha Zell Lurie mwaka 1999. Wa pili, Wolverine, ulianza mwaka 1997: wanafunzi wenyewe huchambua kampuni changa na kununua hisa zake. Mwaka 2004 mojawapo, IntraLase, iliyotengeneza leza za upasuaji wa macho, iliingia soko la hisa la Nasdaq, na mfuko ukavuna takriban dola milioni 1.

Hata hivyo, kampuni changa nyingi hufa kabla ya kuzaa. Faida ya hisa ikuze mtaji; mishahara na pango vitengewe fungu lake.