Chanjo ya Homa ya Ini: Ipi Iwafaayo Watoto Wetu?

Wazazi wa Ndabibi hujiuliza: Je, sindano ya bure ya zahanati yatosha, au ni afadhali kununua chanjo ya homa ya ini peke yake huko Naivasha? Yafaa tulieleze jambo hili.

Homa ya ini ya aina ya B huletwa na virusi vikaavyo katika damu. Mama aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, na wembe uliotumiwa na mwingine waweza kuvieneza. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake huvishinda virusi hivyo. Mtoto mchanga sivyo: katika watoto 100 waambukizwao kabla ya kutimiza mwaka mmoja, karibu 90 hubaki navyo. Huweza kukua bila dalili yo yote, kisha ukubwani ini likaharibika au likapata saratani.

Mwaka 2001 Kenya ilianza kutumia chanjo moja yenye kinga 5: ya homa ya ini, dondakoo, kifaduro, pepopunda, na kijidudu cha Hib kiletacho nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mtoto huchomwa pajani akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Kinga ya homa ya ini katika chanjo hiyo na katika ile ya peke yake ni ya namna moja: hutengenezwa kwa hamira, wala haina virusi. Kwa hiyo anayenunua ile ya peke yake hapati kinga iliyo bora, na mtoto bado atahitaji kukingwa na magonjwa 4 yaliyosalia.

Hata hivyo, chanjo ya peke yake ina kazi yake. Hupewa watu wazima, na pia mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi, katika saa 24 za kwanza, kwa maana ile ya kinga 5 haitolewi kabla ya wiki 6. Basi kila mama mjamzito aombe kupimwa damu kliniki mapema.

Mtoto akipata homa kidogo baada ya sindano, msiogope. Hupita kwa siku moja au mbili. Na kama palizi imewafanya mkakosa siku, msianze upya. Chukueni kijitabu cha mtoto mwende mkaendelee mlipoachia.

Mfugaji mwema huchanja ng'ombe kabla ugonjwa haujaingia zizini. Na mtoto tumfanyie vivyo hivyo.