Kipindupindu Husubiri Amri

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, kwao ni majini. Huishi kwenye midomo ya mito na maji ya pwani yenye chumvi kiasi, wakijishikiza kwenye vijidudu vidogo vyenye magamba, na huko hawana haja na binadamu. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kinachowafanya wauaji ni sumu yao, basi. Naona hiyo ni nusu tu ya habari. Bakteria anaweza kuibeba sumu maisha yake yote bila kuitoa. Ugonjwa huanza pale amri inapotolewa, na mwenye kuianzisha amri hiyo ni jeni iitwayo toxR, iliyoelezwa mwaka 1984 na Virginia Miller na John Mekalanos nchini Marekani.

Protini ya jeni hiyo, ToxR, imepenya utando wa seli: upande mmoja umetokeza nje ya utando huo, mwingine uko ndani na hushika DNA. Kwa hiyo hali mpya, kama kukutana na nyongo tumboni mwa mtu, inaweza kuzifikia jeni bila mjumbe wa katikati. Lakini ToxR ni kama mnyapara, hashiki jembe. Ikisaidiana na protini nyingine, TcpP, huwasha jeni ya tatu, toxT, na hiyo ndiyo huamsha jeni za sumu pamoja na za vinyweleo vinavyowakusanya bakteria makundi makundi kwenye utumbo mwembamba. Sumu ikishaingia katika seli za utumbo, seli hizo humwaga chumvi na maji mfululizo, hata mtu mzima aliyezidiwa akaweza kupoteza lita nzima kwa saa.

Mtu atauliza: bila jeni ya sumu, toxR ingeamrisha nini? Tena mwaka 1996 ilibainika kwamba jeni hiyo ya sumu aliileta virusi anayeambukiza bakteria. Ni kweli, ila virusi huyo huingilia kwenye vinyweleo vilevile vinavyotii amri ya ToxR. Ushahidi mzito zaidi ni wa mwaka 1988, watu waliojitolea walipomezeshwa bakteria waliobadilishwa maabara. Walioondolewa sumu bado waliweza kukaa utumboni. Walioharibiwa toxR walipungukiwa hata na uwezo wa kukita kambi. Kumnyang'anya bakteria silaha ni jambo moja. Kumkatia amri ni kumtikisia hata makao.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kumtuliza kimelea badala ya kumuua. Mwaka 2005 watafiti walitangaza virstatini, kemikali inayoizuia ToxT, nayo iliwakinga watoto wa panya. Mpinzani atasema usugu utakuja tu, na hajakosea: utafiti huohuo ulionyesha kwamba badiliko dogo moja katika ToxT lilitosha kuishinda kemikali hiyo. Hata hivyo, njia ya kuua nayo tumeiona. Katika mlipuko ulioanza Tanzania mwaka 1977, tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, hata kwa wasiougua, na miezi michache baadaye usugu ulikuwa umeenea. Dawa inayoua humpa kila bakteria sugu nafasi ya kurithi uwanja mzima. Inayozima amri, kwa nadharia, humwachia nafasi ndogo zaidi, kwani majini bakteria huishi vizuri bila sumu. Nakiri kwamba hilo bado halijathibitishwa kwa wagonjwa, lakini ni sababu tosha ya kuendelea kuigharimia kazi hiyo.

Kwa sasa hakuna kidonge cha kuzima ToxR wala ToxT katika hospitali yoyote. Anayeharisha choo kama maji yaliyooshea mchele aanze kunywa ORS papo hapo, akiwa njiani kwenda kituo cha afya.