Je, Wajua Nguvu ya Krauni Iko Kwenye Ngozi Yake?

Ukisimama Shela, kisiwani Lamu, ukatazama ng'ambo ya mkondo, utaiona Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda. Kisiwani humo, kwenye magofu ya mji wa Manda, mwanaakiolojia Neville Chittick alianza kuchimba mwaka 1966, akaibua vigae vya karne ya 9 vilivyokuja na majahazi kutoka Ghuba ya Uajemi: udongo uliovikwa ngozi ya kioo. Ngozi hiyo ni ya pambo na ya kuzuia maji, lakini pia huamua uimara wa chombo. Ikipoa ikanywea kuliko udongo ulio chini, hupasukapasuka kama utando wa buibui. Ikinywea kidogo kuliko udongo, hubaki imebanwa, na chombo huwa kigumu zaidi.

Fundi wa krauni, ile kofia ya kauri inayovikwa jino lililoharibika, hufuata kanuni iyo hiyo anapoipaka kauri yake kioo na kuichoma.

Mara nyingi kauri haivunjiki kwa kukosa nguvu ndani, bali kwa nyufa zilizo usoni mwake. Mwaka 1920 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwamba kioo kina nyufa ndogo mno, na kinapovutwa, nguvu yote hurundikana kwenye ncha za nyufa hizo. Fundi wa madirisha analijua hilo kwa mkono: hukwaruza mstari mmoja kwa almasi, akakipinda kioo kidogo, nacho hukatika papo hapo. Chuma kikizidiwa hujipinda, kauri haiwezi. Tena mdomoni kuna mate, na maji yakifika kwenye ncha ya ufa huulegeza, ukakua taratibu mwaka hata mwaka.

Kati ya kauri za krauni, zirkonia ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Ufa ukiisogelea, chembe zake hubadili umbo na kuvimba kwa takribani asilimia 4, zikaubana ufa usiendelee. Watafiti Garvie, Hannink na Pascoe wa Australia waliitangaza sifa hiyo mwaka 1975. Hivyo kuisaga kidogo, kwa maji na mkono mwepesi, kwaweza hata kuuongezea nguvu uso wake, kwani chembe za juu huvimba na kuacha tabaka lililobanwa. Lakini ncha ya almasi yenye chembe kubwa, ikikandamizwa bila maji, huchimba nyufa zinazopita chini ya tabaka lile lililobanwa, na faida yote hupotea.

Hayo hutokea kwenye kiti cha daktari, krauni inapokuwa ndefu kidogo na kuhitaji kupunguzwa. Kupunguza si kosa. Kosa ni kuiacha hivyo hivyo bila kuing'arisha. Ncha laini zinapaswa kufuata, kisha mpira wa kung'arisha, mpaka mikwaruzo iishe. Krauni yenye mikwaruzo hulila pia jino linalokutana nayo, kama msasa; zirkonia iliyong'arishwa vizuri ni mpole zaidi kwa jino hilo.

Kabla hujashuka kitini, pitisha ulimi juu yake polepole. Ukihisi mkwaruzo, mwambie daktari airudie.