Serikali Iliyosimama kwa Mkono wa Wengine

Chama chenye wajumbe wachache chaweza kutawala namna gani? Tutazame Uingereza ya mwaka 1924.

Katika uchaguzi wa Desemba 1923, Wakonservativi walipata wajumbe 258, chama cha Wafanyakazi 191, Waliberali karibu 160. Hakuna aliyefika nusu. Baldwin, mkubwa wa Wakonservativi, alikuwa ameomba ruhusa ya kutoza kodi vitu vya nchi za nje, nao watu walikataa. Basi Januari 1924 vyama vile viwili vingine vilimwangusha, na mfalme George V akamwita Ramsay MacDonald, mtoto wa mama mtumishi, awe Waziri wa Kwanza.

Pasipo kura za Waliberali hakuweza kupitisha sheria hata moja, wala hakufanya mapatano nao. Hata hivyo kazi ilionekana. Waziri wa Afya alikuwa John Wheatley, Mkatoliki mzaliwa wa Ireland, aliyechimba makaa ya mawe zamani. Sheria yake ilitoa fedha ya serikali, ili miji ijenge nyumba za kupangisha watu wa mshahara mdogo.

Anguko lilitoka katika jambo dogo. Gazeti la Wakomunisti liliwasihi askari wasiwapige wafanyakazi risasi. Mhariri wake, Campbell, alishitakiwa, kisha mashitaka yakaondolewa. Wapinzani wakanung'unika kwamba siasa imeingia katika hukumu. Waliberali waliomba uchunguzi tu. MacDonald akajibu kwamba uchunguzi ukikubaliwa, serikali yake haikai. Tarehe 8 Oktoba alishindwa kwa kura 364 juu ya 198. Siku 4 kabla ya uchaguzi, gazeti moja lilichapa barua iliyosemwa kuwa ya Zinoviev wa Moscow, barua inayohesabiwa leo kuwa ya uongo. Wakonservativi wakarudi na wajumbe zaidi ya 400.

Lakini tuangalie vizuri nani aliyeanguka. Wafanyakazi walipoteza viti 40, ila kura zao ziliongezeka kama milioni moja. Waliberali, walioushika mkono na kuuachilia, walibaki 40 tu. Tena sheria ya Wheatley haikufa: hata mwaka 1933 ilikuwa imejenga nyumba kama nusu milioni. Serikali ilidumu miezi 9. Maskini waliendelea kukaa katika nyumba zile miaka mingi. Anayetawala kwa muda mfupi achague mapema jambo litakalobaki.