Ubini wa Victoria Manalo

Victoria Manalo Draves, mwanamke wa kwanza kushinda dhahabu zote mbili za kuruka majini katika Olimpiki moja, alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 31 Desemba 1924, pamoja na pacha wake, Connie. Baba yao, Teodoro Manalo, alikuwa Mfilipino aliyetoka Orani, katika mkoa wa Bataan. Mama yao, Gertrude Taylor, alikuwa Mwingereza. Victoria alikua akiwa na majina mawili ya ukoo, la upande wa baba na la upande wa mama, na majina hayo yalikuja kuamua mlango upi atafunguliwa na upi atafungiwa.

Ufilipino ilikuwa chini ya Marekani kuanzia mwaka 1898 hadi 1946. Katika miongo ya kwanza ya utawala huo Wafilipino waliweza kuhamia California kutafuta kazi, ingawa hawakuhesabiwa kuwa raia. Wengi walikuwa vijana wa kiume. Walivuna mashambani, walipika na kuosha vyombo hotelini, na walitumikia katika nyumba za matajiri. Mfilipino aliyefuatana barabarani na mke Mzungu alitazamwa kwa jicho baya. Mwaka 1933 sheria ya California iliyokataza Wazungu kuoana na watu wa asili nyingine ilipanuliwa, ikawataja Wafilipino pia. Wakati huo akina Manalo tayari walikuwa na watoto.

Familia iliishi South of Market, mtaa wa wafanyakazi wa kipato cha chini. Victoria alitamani kujifunza kucheza baleti, lakini ada ya mafunzo haikupatikana. Kilichowezekana ni bwawa la kuogelea la mtaa wa Mission, ambako kiingilio kilikuwa senti 5. Alijifunza kuogelea akiwa na umri wa miaka kama 10, na kuruka kwa mashindano alianza akiwa na miaka 16, umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshazoea ubao wa kurukia kwa miaka.

Hapo ndipo jina la baba lilipogeuka kikwazo. Kocha Phil Patterson, wa klabu ya kuogelea ya hoteli ya Fairmont, alikubali kumfundisha kwa sharti kwamba asitumie jina la Manalo, bali Taylor, la mama yake. Hata baada ya hapo hakuingizwa katika klabu pamoja na wengine: Patterson alimfungulia klabu ya peke yake, ili binti wa Mfilipino asihesabiwe miongoni mwa wanachama. Kuvuliwa ubini wa baba ili upewe nafasi ya kuruka majini ni dhuluma, hata kama mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri. Tena jina lenyewe, kwa Kitagalogi, maana yake ni kushinda.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Patterson aliingia jeshini na mafunzo yakakatika. Baadaye Victoria alivuka ghuba hadi Oakland kujifunza kwa kocha Lyle Draves. Wawili hao walioana mwaka 1946, na mwaka huo huo Victoria akawa bingwa wa Marekani wa kuruka kutoka jukwaani. Ubingwa huo aliushika tena mwaka 1947 na 1948.

Mchezo huu una matawi mawili. Jukwaa ni gumu, halitikisiki, na liko mita 10 juu ya maji. Ubao uko mita 3 juu ya maji, nao hunesa: mrukaji huukanyaga, ukashuka, kisha ukamrusha juu. Waamuzi hutazama namna alivyoondoka, umbo la mwili hewani, na jinsi alivyoingia majini. Miguu ikiachana kidogo, au maji yakiruka sana, alama hupungua. Wanawake waliruhusiwa kushindana kwenye jukwaa la Olimpiki kuanzia mwaka 1912, na kwenye ubao kuanzia 1920, lakini hadi mwaka 1948 hakuna aliyekuwa ameshinda yote mawili katika michezo ile ile.

Agosti 1948, katika Olimpiki ya London, Victoria alipata alama 108.74 kwenye ubao. Mmarekani mwenzake Zoe Ann Olsen, ambaye naye alifundishwa na Lyle Draves, alipata 108.23. Baina ya dhahabu na fedha palikuwa na nusu alama tu. Siku chache baadaye Victoria alishinda kwenye jukwaa pia. Kabla ya miezi miwili kutimia, tarehe 1 Oktoba 1948, Mahakama ya Juu ya California ilibatilisha sheria iliyokataza ndoa za aina ya ile ya wazazi wake.

Mwaka 1949 Victoria alikwenda Ufilipino kwa mara ya kwanza. Alikaa na ndugu wa baba yake kule Orani, na akawaonyesha Wafilipino mchezo wake, akiwa mtoto wa ukoo aliyerudi kwao. Baada ya hapo alishiriki maonyesho ya majini, kisha yeye na mumewe wakafundisha kuogelea na kuruka huko California. Walizaa watoto wanne, wote wa kiume, nao wakalelewa kando ya bwawa.

Mwaka 1969 aliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Mashujaa wa Kuogelea. Mwaka 2006 jiji la San Francisco lilifungua bustani ya umma South of Market, mtaa ule ule aliokulia, ambao bado una jamii kubwa ya Wafilipino. Victoria alifariki tarehe 11 Aprili 2010, akiwa na umri wa miaka 85. Bustani hiyo inaitwa Victoria Manalo Draves, na ubini wa baba yake umo katikati ya jina hilo, ukisomwa na kila mtoto anayekwenda kucheza.